Habari za Mgongo

Nilikuwa naumwa mgongo. Nayaandika maneno haya waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi niliyakana mbele ya kila mtu: mbele ya walimu wenzangu, mbele ya mama yangu, mbele ya marehemu mume wangu alipokuwa hai, na mara moja mbele ya daktari ambaye nilikuwa nimelipa nauli kwenda kumwona. Nilisema ni godoro. Nilisema ni viti vya ofisi ya walimu, ambavyo kweli ni vibaya. Nilisema ni umri, ingawa umri wenyewe nao nilikuwa naukana.

Tena sikukana kimyakimya. Miaka ile nilikuwa naandikia gazeti makala fupi za Jumapili, na iliyopendwa kuliko zote ni ile niliyowadhihaki watu wanaotembea na picha zao za eksirei ndani ya bahasha za kaki. Niliandika kwamba hapa Nachingwea kila kabati lina bahasha juu yake, kila bahasha ina uti wa mgongo wa mtu, na mgeni huonyeshwa uti huo kabla hajapewa maji ya kunywa. Watu walicheka sana. Mkuu wa shule aliibandika makala hiyo kwenye ubao wa matangazo. Siku nilipoiandika nilikuwa nimeweka mto nyuma ya kiuno, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa unachoma kuanzia takoni hadi kidole gumba, kama mtu amepitisha waya wa moto ndani yake.

Najua kwa nini nilikana, au nadhani najua. Nimezaliwa Matambarale, na nimelelewa na mwanamke aliyeinama. Msimu wa korosho mama alikuwa anaingia chini ya mikorosho alfajiri, miguu imenyooka, kiuno kimekunjika, mkono mmoja ndoo na mwingine unaokota, na hainuki mpaka jua liwe limepanda. Kwetu wanawake wote huokota hivyo. Anayechuchumaa huambiwa amekuja kuota moto. Jioni hujinyoosha kidogokidogo, mikono magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni, na hakuna anayesema kitu. Mimi nilipelekwa shule, nikafika chuo kikuu, nikapata kazi ya kukaa. Sasa mtu aliyepata kazi ya kukaa ataanzia wapi kumwambia mama kwamba mgongo unamuuma? Niliona maumivu ya kiuno yana wenyewe, nao ni wale walioinama. Mimi wa kalamu nyekundu ningekuwa nimewaibia.

Aliyeniumbua ni wifi yangu. Yeye ni dada wa marehemu mume wangu, ana shamba la korosho na mbaazi Naipingo, na tangu tufiwe hukaa nyumbani kwangu mjini wakati shamba halimhitaji. Siku hiyo tulikuwa tunatoka dukani, mimi mbele, yeye nyuma.

"Wifi!"

"Nini?"

"Umeacha kiatu."

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Wa kushoto ulikuwa mtupu juu ya vumbi jekundu, na kandambili yake ilikuwa nyuma huko, katikati ya njia, kuku wanaizunguka. Sikuwa nimehisi inachomoka.

"Huo mguu umelewa?" wifi akauliza.

"Kandambili imechakaa."

"Imechakaa? Nimekununulia mimi Idi iliyopita! Sema mguu ndio umechakaa."

Wifi mwenyewe hakuwahi kukana chochote. Kiuno chake kilikuwa kinauma naye alikitangaza harusini, msibani, na hata kwa fundi aliyekuja kuziba bomba. Ndiye aliyesikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba kuna madaktari watafiti Ruangwa, wanawapima watu wenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni. Akaniomba nimsindikize.

"Wakianza Kiingereza utanitafsiria," alisema. "Angalau hiyo shule ya kaka yangu itusaidie." Kaka yake hakunisomesha, lakini huo ni ubishi wa zamani na yeye ndiye anaushinda kila mara.

Kwa hiyo nilikwenda kama msindikizaji. Daktari mkuu wa utafiti alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi, ana macho ya mtu aliyesafiri sana na kulala kidogo. Alitueleza kwa Kiswahili kizuri, mimi nikakosa kazi. Alisema mshipa wa fahamu ukibanwa kiunoni, picha ya kawaida ya eksirei haiuonyeshi. Inaonyesha mifupa tu. Kinachouonyesha ni mashine kubwa ya MRI, na mashine hizo ziko mbali na huku. Walitaka kujua mambo mawili. La kwanza, kama daktari wa wilayani mwenye mikono yake, nyundo ndogo ya mpira na pini anaweza kumtambua mwenye mshipa uliobanwa bila kukosea mno. La pili, tiba ipi inasaidia zaidi watu wa huku, mazoezi yanayosimamiwa au sindano ya dawa karibu na mshipa wenyewe.

Nilizikumbuka zile bahasha zote za kaki, na picha za mifupa isiyo na hatia.

Wifi alipimwa, akagongwa magoti, akachomwachomwa kwa pini, akafurahia kila hatua. Alipokuwa anashuka kitandani akanyoosha kidole.

"Na huyu je? Huyu anaacha viatu barabarani."

Daktari akanitazama miguu.

"Mimi nimesindikiza tu," nikasema.

"Panda kitandani, mama."

Nililala chali. Akaushika mguu wa kushoto kisigino, akauinua ukiwa umenyooka, taratibu, na kabla haujafika popote nikapiga ukelele. Ulikuwa neno la Kimwera ambalo sijawahi kulitamka tangu nipate ajira. Daktari hakulielewa. Wifi alilielewa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha daktari akaweka vidole vyake juu ya vidole gumba vya miguu yangu yote miwili. "Inua vyote, nizuie nisivishushe."

Nikainua.

"Inua, mama."

"Nimeinua."

"Bado."

Nikanyanyua kichwa nitazame. Kidole cha mguu wa kulia kilikuwa kimesimama kama mwanafunzi anayejua jibu. Cha kushoto kilikuwa kimelala. Nilikiamrisha kwa moyo wangu wote, nacho kikatikisika kidogo, kwa heshima, kikaendelea kulala.

Alinieleza kwamba kati ya pingili za mgongo kuna vijimto laini, na kimoja changu kilikuwa kimetokeza na kuukalia mshipa. Kwa watu wengi hali hiyo hutulia yenyewe, ndiyo maana hawakimbilii kupasua. Ila mguu kupoteza nguvu ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Ukibaki hivyo au ukipata nguvu, tutangoja. Ukizidi kulegea, ni mashine, na baada ya mashine huenda ni kisu.

Wifi aliacha kucheka. Kwetu kila mtu anamjua mtu aliyepasuliwa mgongo akarudi hawezi tena kusimama. Mimi sijawahi kukutana naye, lakini namjua vizuri kabisa, kijiji chake, wanawe, hata rangi ya kiti chake cha magurudumu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu maishani: huu mguu utanipeleka kwenye kisu au hautanipeleka?

Nani apate tiba gani, iliamuliwa na kompyuta. Wifi akaangukia mazoezi, mimi sindano.

"Naona," alisema tukiwa nje. "Aliyesoma anapewa dawa. Wa Naipingo anaambiwa ajinyonganyonge sakafuni."

"Ni bahati tu, wifi. Kompyuta haijui nani amesoma."

"Kompyuta yenyewe imesoma. Inawajua wenzake."

Sindano ilinipa nafuu ambayo sikuitegemea. Ule waya wa moto ulipoa. Nikalala usiku kucha, nikasahihisha mitihani bila mto, nikaanza kuwaambia walimu wenzangu kwamba sayansi ni kitu kikubwa. Wifi alikuwa sebuleni kwangu kila asubuhi, amelala kifudifudi kwenye mkeka, ananyanyua kifua kwa mikono kama mjusi ukutani, anawatukana watafiti kwa majina ya wanyama. Lakini hakuacha siku. Alikuwa amewaambia watu wengi mno kwamba anaumwa. Aliona ana wajibu wa kuwaletea jibu.

Mradi ulikuwa na karani wa kupiga simu, kijana mwenye adabu nyingi. Kila baada ya muda alitupigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za mgongo?"

"Nzuri."

"Na mguu, habari zake?"

"Salama tu, mwanangu."

"Tunashukuru sana, mama. Siku njema."

Akakata. Kisha simu ya wifi ikaita, naye akajibu vilevile, nzuri, salama, tunamshukuru Mungu, huku amelala sakafuni miguu juu ya kigoda, uso umekunjamana.

"Wifi, mbona umemwambia nzuri?"

"Kwani ameniuliza nini?"

"Habari za mgongo."

"Na wewe kwenu hamkufundishwa kujibu salamu?"

Baada ya miezi kadhaa tuliitwa wote Ruangwa, washiriki wote, tukakaa kwenye mabenchi chini ya bati. Daktari alisimama mbele yetu, amechoka kuliko siku ya kwanza. Alisema kuna jambo linamtatiza. Kwa simu, karibu sote tulikuwa tumepona, wa mazoezi na wa sindano. Lakini wachache waliokwisha kupandishwa kitandani asubuhi hiyo miguu yao haikuinuka, na amewaona kwa macho yake watu waliopona kwa simu wakishuka kwenye pikipiki kwa kusaidiwa.

"Mnanidanganya?" aliuliza, bila hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona kazi yake inamwagika.

Halafu mzee mmoja aliyetoka Mbwemkuru akakohoa.

"Hatukudanganyi, daktari. Yule kijana wako anakata simu tukiwa bado kwenye salamu."

"Vipi?"

"Mtu akikuuliza habari unasema nzuri. Hata ukiwa na maiti ndani unasema nzuri. Ndipo unasema, ila tumefiwa. Sasa yeye hangoji ila. Ukisema nzuri tu, huyo, ameshaondoka!"

Benchi zima likaangua kicheko, na kila mtu akawa na ila yake. Ila usiku. Ila nikiinama. Ila kushoto. Daktari alishika kichwa. Alisema hata bibi yake alimlea akijibu hivyohivyo, na yeye mwenyewe asubuhi hiyo aliulizwa habari za safari akasema nzuri, wakati gari lilikuwa limepasuka gurudumu. Maswali yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, mezani, akasema, na yalipofasiriwa hakuna aliyekumbuka kwamba yataanza na shikamoo.

Akaketi nasi benchini. Akauliza, basi tuwaulizeje?

Mwanzoni palikuwa na fujo. Ilibainika pia kwamba walipotutaka tuyape maumivu alama, sifuri mpaka kumi, watu waliyasahihisha kama mtihani. Mzee wa Mbwemkuru alikuwa anajipa nane kila mara kwa sababu nane ni alama ya heshima na hakutaka kumwangusha daktari. Kisha wanawake wakashika usukani. Tuulize kama tunachuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta. Tuulize kama tunaokota mpaka mwisho wa mstari au tunaachia njiani. Wifi akasema, "Mimi niulize nimeswalia kitini au chini. Hapo siwezi kukudanganya, kuna shahidi." Akaongeza kwamba wiki ile alikuwa ameswali chini, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwona akinitazama.

Wenzangu wote walikuwa wamejibu salamu tu. Mimi nilikuwa nimejificha ndani ya salamu. Karani alipouliza habari za mguu nilijua anachouliza, na nilijua jibu. Sindano ilikuwa imenyamazisha maumivu, lakini kidole gumba hakikutikisika tena hata kwa heshima, na siku hizi mguu mzima ulikuwa unaburura ncha sakafuni. Nilikuwa nimehamia kwenye viatu vya kufunga kamba ili usiniaibishe. Kwa kuwa haukuuma, ilikuwa rahisi kuukana. Nilikuwa na uzoefu.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata daktari.

"Mimi ila yangu ni ndefu," nikamwambia.

Aliniambia nitembee kwa visigino. Cha kulia kilikubali. Cha kushoto kikaangusha mguu mzima, pa, kama mtu anaweka tofali.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya simu ya pili."

Ningependa anifokee, mimi ningemfokea mwanafunzi. Alisema tu kwamba maumivu kunyamaza si mshipa kuachiwa, na kwamba nitakwenda kwenye mashine.

Kwenye mashine nilikwenda, safari ya mbali, nikalazwa ndani ya bomba linalopiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Wakasema picha zitatumwa zisomwe na jopo la wataalamu, nami nirudi nyumbani nikangoje simu. Kungoja nako ni kazi, nayo haina mshahara wala likizo. Nilifundisha nikiwa nimekaa. Wanafunzi waliokuwa wananiogopa wakaanza kunibebea daftari, jambo ambalo liliniuma kuliko kiuno.

Jumamosi moja nilikwenda Matambarale kumwambia mama. Alikuwa amekaa kizingitini, anabangua korosho chache za kula. Nilimweleza yote, mshipa, kijimto, kisu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wangu unauma tangu nina mimba ya mdogo wako," akasema.

Mdogo wangu sasa ana mvi.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeokota wewe?"

Akanipa korosho mkononi, akaendelea kubangua. Nilipoondoka alisimama ili anisindikize, mikono magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni, na kwa mara ya kwanza nilimtazama akifanya hivyo bila kugeuza uso.

Simu ilikuja Alhamisi, baada ya saa za shule. Nilikuwa uani na wifi. Alikuwa ametoka shambani na kikapu cha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha huku kwetu, naye alikuwa anaiosha kwenye beseni, amechuchumaa kwa starehe ya kuudhi. Niliona ni namba ya daktari mwenyewe, si ya karani. Nikaweka simu kwenye spika, nikailaza juu ya kigoda.

Tulisalimiana. Kisha akasema, "Mama, picha zimesomwa. Kile kijimto kimepasuka, na sehemu yake imetoka ikaubana mshipa kwenye kona. Wataalamu wote wamekubaliana upasuliwe, na usicheleweshwe."

"Nitatembea?"

"Unatembea sasa. Tunapasua ili uendelee kutembea."

"Na mguu? Utarudi?"

"Maumivu, nina imani kubwa hayatakusumbua kama zamani. Nguvu ya mguu siwezi kukuahidi yote. Pengine nyingi, pengine kidogo. Umekaa muda mrefu ukiwa umebanwa."

Hakusema nani aliyeukalisha muda huo wote.

"Kuna kitanda wiki ijayo," aliendelea. "Ukikubali nakuandikisha leo. Usipokubali lazima nimpe mwingine, halafu sijui kitapatikana lini."

Nilimtazama wifi. Yeye ambaye ana neno juu ya kila kitu alikuwa ameacha kuosha, mikono imo majini, ananitazama mdomo. Nilimfikiria yule mtu wa kiti, ninayemjua vizuri na sijawahi kumwona. Nikaona pia kwamba nimechoka. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nimechoka tu kuusemea mguu wangu uongo.

"Niandikishe," nikasema.

"Sawa, mama. Na utahitaji ndugu wa kukaa naye hospitalini, siku za kwanza hutaweza kuinuka mwenyewe. Niandike nani?"

Kabla sijafungua mdomo, wifi akanyoosha mkono juu kama daktari anamwona, mkono wenye tope la ming'oko mpaka kwenye kiwiko.